Sehemu Nyeupe ya Ramani

Shule ilifungwa mwaka alipohama mtoto wa mwisho,
ila viti vimebaki, vidogo vilevile,
na wakulima wa bonde hili la Galisia
wamevikalia, magoti yakikaribia videvu.

Bwana Mipango katandika ramani:
kijani msitu, njano malisho,
nyeupe, kasema, ardhi isiyo na kitu.
Kataja kiwanda cha jibini, barabara ya lami,
miaka kumi.

Obdulia hakupiga makofi.
Aliomba kalamu, akafuta miwani kwa aproni,
akaandika katikati ya weupe:
Hapa viazi vya marehemu Amaro.
Hapa shayiri.
Hapa ng'ombe wangu, Roksa na yule mkaidi.
Hapa chemchemi. Ukifukua, ipo.

"Kiwanda sikikatai," alisema,
"lakini karatasi haikamui.
Siku mtakapokata utepe,
nani hapa atakuwa na miaka ishirini?"

Kimya. Mvua juu ya vigae.
Mtu akakohoa, akajuta.

Bwana Mipango akavuta kiti cha darasa la kwanza,
akaketi, naye magoti kidevuni:
"Hii chemchemi,
iko upande gani wa ukuta?"