Notisi ya Mwisho

Mvua ya Januari haikuomba kibali.
Ilishuka toka Ntyuka, udongo mwekundu mdomoni,
ikabisha kwenye zege, kwenye pevingi,
hakuna aliyeifungulia,
ikakata kona kwa Mama Chiloleti.
Wiki ile gunia lake la uwele
likachipua ndani ya nyumba.

Sheria ndogo ya Jiji, kifungu cha tisa, naijua kwa ghibu:
afunikaye ardhi atunze maji yake,
shimo la kunyonya, au tenki, au mtaro
usioishia mlangoni pa jirani.
Mimi ndiye niliyeigonga muhuri.
Nikasambaza notisi, kalamu sikioni.
Ndahani akanitukana kwa Kigogo;
nikatabasamu kiserikali.

Jioni nikafika kwangu.
Ua limesakafiwa hadi shingoni mwa mpera,
safi, ungeweza kuanika unga chini.
Na mkononi imebaki karatasi moja.

Maji hufuata mkondo, tunasema,
kana kwamba mkondo hauna fundi,
hauna risiti ya saruji.

Asubuhi nikaenda kwa Ndahani kuazima sururu.
Hakunipa
mpaka nilipomsomea notisi yangu,
kwa sauti,
na tarehe.