Toleo la Sifuri Nukta Sita

Shaame, ng'ombe wako bado kasimama.
Nimemfungua jana baada ya isha
kwenye ile kompyuta yenye K iliyong'oka
uliyoniachia ukasema, "Niwekee wiki mbili."
Wiki mbili hizo zina miaka minne sasa
na K naibonyeza kwa njiti ya kiberiti.

Akatoka zizini kama zamani,
mweusi, na lile baka jeupe
nililolichora mara kumi na saba
kwa kuwa kila nikilichora ulisema lafanana na ramani ya Unguja,
na ng'ombe wa Pemba habebi Unguja ubavuni.

Kwato zake zina sauti bado:
mimi na Mize na vifuu viwili,
sakafu ya jikoni kwa bibi yake, Limbani,
simu tumeifunga kwenye mchi.
Ukisikiliza vyema, kwato ya tatu
ina kikohozi cha bibi ndani yake.
Bibi keshatangulia mbele ya haki.
Humu anakohoa.

Nikashinda uwanja wa Kengeja.
Nikashinda wa pili.
Wa tatu ndio ule tuliouota:
kiangazi, mikarafuu imekunja majani,
na ukimchosha ng'ombe bila kumuumiza
mvua inanyesha.
Michezo ya wenzetu, ulisema, humpa mshindi dhahabu.
Wetu utampa mvua.

Nilicheza vyema, Shaame.
Alichoka, akainamisha pembe.
Mbingu zikatia giza, taratibu, kama ulivyotaka,
kuku wakakimbilia bandani
(hilo silijui, uliliongeza lini?)
halafu basi.
Kuku ndani. Watu uwanjani, nyuso juu, midomo wazi,
wanangoja mistari michache
uliyosema utaiandika ukirudi kutoka Mkoani.

Sikulaumu.
Yule tajiri wa Dar alitaka tuweke bunduki.
Kisha ikaja kazi ya kukata tiketi bandarini,
kisha mtoto, kisha wa pili.
Wala hukuacha. Hakuna siku uliyosema umeacha,
ndiyo maana hatukulia:
kisichokufa hakisomewi khitma.

Kuna kijana wa Wawi, mmoja wa wale mia mbili na kumi na moja
waliotupokea kwa shangwe.
Kila mwezi huniandikia neno moja: "Lini?"
Nami huchukua njiti yangu nikamjibu: "Karibuni."
Miaka minne namkaribisha,
naye yuko pale pale kizingitini,
hajaambiwa apite.

Leo alfajiri nikapekua makabati yako.
Nikakuta faili, jina lake *mvua*.
Moyo ukanipiga.
Ndani hamna amri hata moja,
ila umejiandikia mwenyewe:
*Mize aulizwe sauti ya mabati.*

Mize yuko Maskati, anapika kwa watu.
Nimemuuliza. Amecheka, kisha kanyamaza,
kisha kanitumia sekunde tisa
alizozirekodi zamani, kwao, masika,
hakumwambia mtu.

Mimi amri sizijui, najua kuchora.
Nimechora tone moja.
Limekuwa kubwa mno, lafanana na kitunguu.
Nimeliweka juu ya pembe yake ya kushoto,
na zile sekunde tisa chini yake.

Mabati yanalia.
Tone halianguki.