Sekunde Tatu

Mwale umezimwa tangu Ijumaa.
Ukumbini baridi inapanda kutoka kwenye zege,
nje ukungu wa mto Aare umekula uzio,
na Regula Zollinger, miwani juu ya nywele,
anaizima programu ya zamani kwa mkono wake.
Haikulalamika. Iliandika tu kwa kijani:
«Umehifadhi kazi yako?»
Miaka ishirini na sita, swali lilelile.

Sisi vijana tuliicheka.
Msimbo wake ulikuwa kama kabati la marehemu,
droo ndani ya droo, funguo zisizo na kufuli,
na pembeni maneno ya Ueli, mstaafu,
kwa Kijerumani cha milimani kwao:
«Hapa ngoja sekunde tatu. Usiulize.»
Hatukuuliza.
Tulifuta.

Mgeni siku mbili; ya tatu tukampa jembe.
Programu mpya, safi kama sahani ya harusi,
ikaamuru kigunduzi kizunguke,
tani mbili za risasi na chuma,
papo hapo.

Mlio ule siusahau.
Reto alimwaga kahawa kwenye viatu vyake.
Juu ya sakafu ya jiwe, iliyosuguliwa hadi ukajiona,
mchirizi mweupe
urefu wa kidole cha mtoto.

Regula akampigia Ueli. Alikuwa anapasua kuni.
Hakucheka, hakufoka.
«Hewa,» alisema. «Chombo kile hakitembei, kinaelea.
Ngoja hewa iingie chini ya miguu yake, ndipo umsukume.
Bomba ni jembamba. Niliomba jingine, mwaka ule
hakukuwa na fedha.»
Kisha: «Mmeshaizima ile?»
«Tumeizima.»
Tukasikia shoka, mara moja,
halafu simu ikakatika.

Januari mwale ulirudi.
Mwanafunzi mmoja, Bronisława, kaja na unga wake
wa kijivu ndani ya kopo dogo kuliko kofia ya kalamu;
anabonyeza, anapiga miayo, anaangalia saa.
Hajui kwa nini mashine inasita.
Skrini inamwambia, kwa sentensi ya Regula:
«Hewa inaingia. Sekunde tatu.»
Hakuna anayesoma.

Bomba bado ni lilelile.
Mimi, zamu ya usiku, nikipita pale
huinama, nikaweka ukucha kwenye ule mchirizi,
nikasikia chini ya chuma
pumzi ikivutwa.