Donge la Tatu

Wei-ting, dalali wa hisa, ananigeuzia skrini.
"Donge nono, Mama! Mara sitini!"
Laki moja ya mwaka tisini na tano
leo ni milioni sita.
Anang'aa, mtoto wa watu, kama ni yeye aliyengoja.
Nafungua daftari langu.

Safu ya kwanza, bei ya hisa.
Safu ya pili, bakuli la tambi za mchele
kwa Bi Peng, nyuma ya hekalu, hapa Hsinchu,
mji ambao upepo haubishi hodi.
Dola ishirini na tano wakati ule. Sasa sitini.
Gawanya, mwanangu.
Mabakuli elfu nne niliyazika kiwandani,
yamefufuka laki moja.
Si mara sitini hiyo. Ishirini na tano.

Mwaka elfu mbili na mbili yalibaki elfu mbili.
Chin-lung hakulala.
Asubuhi alivaa koti, akauza zake zote,
akarudi na kiyoyozi:
"Hiki angalau kinapuliza."
Kilipuliza miaka kumi na mmoja. Yeye, tisa.
Sikumlaumu. Niliogopa kama yeye,
ila foleni ilikuwa ndefu siku ile
na zamu yangu ilianza saa moja:
suti nyeupe, macho tu nje,
sahani za silikoni zikipita mikononi
safi kuliko sufuria yoyote niliyowahi kusugua.
Watu wanaita subira.
Ilikuwa foleni.

Tena kuna hili, sijui kama wapimao mfumuko wa bei hulipima:
Bi Peng alikuwa akitia madonge matatu ya nyama.
Siku hizi mawili,
na bakuli limeinuliwa kitako.
Basi madonge elfu kumi na mbili
yamezaa laki mbili.
Mara kumi na saba haitimii.
Wei-ting anacheka, halafu anaacha.

Mabakuli matatu kwa siku, miaka tisini na mmoja:
ndiyo mali yangu.
Nina miaka sabini na minne
na magego mawili.

Na ule uwanja walikoanika tambi
ni ukuta wa kiwanda; upepo unaugonga, unarudi.
Hilo niliandike safu ipi?

Mchana nakwenda kwa Bi Peng.
"Niongeze donge," namwambia, "nitalilipia."
Anaongeza. Pesa anazisukuma nyuma kwa kiwiko,
mikono yake ina mvuke.

Nakaa na penseli.
Hesabu yote imeharibika,
na mchuzi unapoa.