Hodi ya Shaba

Viatu kwanza.
Jozi ishirini na nane barazani,
zote nyekundu kwa vumbi la Katuba,
na soksi yangu ina tundu: kidole gumba
kinachungulia hekaluni kabla yangu.

Mwalimu Numbi alituonya tangu njiani,
pale mijakaranda inapoanza:
"Mnakwenda kuona watu wanavyosali.
Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize."
Tukacheka. Tukamaliza.

Aliyetupokea ni Hansaben,
wa duka la vitambaa karibu na posta,
tuliyemjua kwa mita na mkasi tu.
Kiswahili chake cha Lubumbashi kabisa:
"Karibuni, batoto bangu, muingie tu."

Juu ya mlango, kengele.
"Ya nini hii?" Kapya huyo, muulizaji wa kila kitu.
"Mkifika kwa watu mnasemaje?"
"Hodi!"
"Basi ndiyo hiyo. Namwambia Mungu: nimefika, ni mimi."

Tukapiga hodi mmoja mmoja.
Mimi sikumsikia Mungu, nasema kweli.
Nilisikia shaba.
Nikamkumbuka baba, shimoni Ruashi,
tochi ya betri mbovu kipajini,
nikawaza: labda jiwe lake moja
lilivuka nchi asizozijua,
likayeyushwa, likafundishwa kuita,
likarudi.

Ndani, harufu ya kafuri na samli.
Utambi wa pamba ukazungushwa mbele ya sanamu
ambazo Hansaben huzivika kila asubuhi
kama avikavyo wajukuu wa kwenda shule,
akinyoosha kola isiyokuwepo.
Sahani ya moto ikapita. Wenyewe
wakapitisha viganja juu ya mwali,
wakajipaka joto machoni.
Tulinyamaza. Hata Kapya.

Kisha tonge dogo la utamu, mkono wa kulia.
Masengo hakula.
Kwao hukesha wakisali kila Ijumaa,
na mama yake alikwisha kusema.
Akasimama na ile sukari kiganjani
kama mtu aliyepewa kifaranga.
Hansaben hakununa:
"Usipokula, mpe mwenye njaa. Haiharibiki."
Masengo akaifunga kwa karatasi ya hesabu.
Alimpa nani, sijui hadi leo.

Usiku nilimsimulia baba habari za kengele.
Alikuwa ananawa, maji mekundu beseni zima.
"Inalia vizuri?"
Inalia, baba.
Akaendelea kunawa,
polepole, ukucha baada ya ukucha.