Pa, Ku, Mu

Miaka kumi na tisa naosha vioo vya watu wengine,
chupa, mirija, visahani vya duara,
katika maabara ya Kunduchi, sinki la pili kutoka dirishani.
Suuza mara tatu kwa maji ya bomba,
mara moja kwa maji yasiyo na kitu.
Ndivyo yanavyoitwa hapa, na yana bei.

Kilichokuwamo hakuna aliyeniambia.
Sikuuliza. Chupa chafu ni chupa chafu.

Jumanne ile Nasikiwa alishuka botini nywele zimeganda chumvi,
akaweka tone moja chini ya hadubini,
akasema, "Mama Sikudhani, acha hiyo brashi. Njoo."

Nikafumba jicho moja kama anayetunga uzi sindanoni.
Kwanza nikaona kope zangu mwenyewe.
Kisha vioo.
Wallahi, vioo! Vidogo kuliko vumbi la unga,
vya mraba, vya nyota, vingine kama vikuku vya bi harusi,
kila kimoja na nakshi ya matundu
kama kawa iliyosukwa na mtu asiye na haraka.
Na ndani ya kioo, kitu cha rangi ya chai nyepesi,
hai.

"Ni kama mimea," akasema. "Haina mizizi, haina shamba.
Inakula jua. Ukivuta pumzi mbili,
moja, au karibu na hapo, hewa yake imetoka kwa hawa na jamaa zao."

Nikacheka. Mimi nakaa Tandale.
Jirani yangu Mwamvita, muuza mkaa,
hajaigusa bahari tangu harusi ya dada yake,
naye anapumua kila siku, tena bila risiti.

"Sasa hili," akabadilisha kioo. "La mdomo wa Msimbazi."
Nyota zilikuwa chache. Katikati yake umelala
uzi. Wa bluu. Umejikunja kama unywele kwenye sabuni.
"Nguo," akasema. "Masweta ya nailoni. Kila mkifua yanapukutika."
Hakusema "mkifua" kwa ubaya.
Ni mimi niliyeisikia.

Sweta la mjukuu wangu Kondo ni la bluu.
Masweta ya shule nzima ni ya bluu, ya nusu ya jiji ni ya bluu,
hakuna mahakama itakayonitia hatiani.
Lakini najua maji yangu ya Jumamosi yanakopita:
mtaroni, Mto Ng'ombe, Msimbazi,
chini ya daraja la Salenda, basi.
Miaka yote nilikuwa nayamwaga "huko".
Huko, sasa nimekuona,
kwa jicho moja.

Usiku Kondo anafanya kazi ya shule sakafuni.
Ngeli ya mahali. Pa ni unapopaonyesha kwa kidole,
ku ni kusikojulikana vizuri, mu ni ndani.
Anakohoa, anavuta dawa yake ya pumu, anauliza:
"Bibi, bahari iko wapi? Pale, kule, au mle?"

Ningemwambia kule: basi mbili na mwendo wa miguu.
Kama ningekuwa sinkini ningesema pale.
Nikanyamaza, nikahesabu kifua chake kinavyopanda.
Moja ya miti. Moja ya vioo.
Moja ya miti.
Ya pili ikachelewa kidogo, ikaja.

"Andika humu," nikamwambia.
"Mwalimu hakuweka humu, bibi."
"Wewe andika."

Beseni la sweta liko mlangoni tangu alasiri.
Maji yake nimeyachuja kwa kanga kuukuu, mara mbili;
sijui kama kanga inashika kitu kidogo hivyo,
kesho nitamwuliza Nasikiwa.
Yametulia, yana ubluu kidogo,
nami nimesimama nayo gizani
natafuta pa kuyamwaga.