Mia na Nne

Wiki ya tano sasa, mizani ya zahanati inasema mia na nne.
Muuguzi Cibalonza anaisukuma kwa kidole cha mguu
kama mbuzi aliyegoma njiani.
Inasema tena: mia na nne.

Mimi nimeuza maharage Kadutu miaka kumi na tisa.
Mizani naijua. Nalijua jiwe lililokwanguliwa chini,
nakijua kidole kinachoegemea sahani mteja akitazama pembeni,
nalijua gigozi lililobonyezwa tumbo ili lishike pungufu.
Leo nikiamini chuma,
chuma kisichoniuliza hata nimefikaje hapa?

Nimefika kwa miguu.
Kutoka Nyawera, kwa ngazi zile za udongo
nilizokuwa nikizipanda kwa vituo vitatu:
kwa muuza vocha, kwa fundi saa, kwa Mama Nsimire mwenye kiti,
ambaye akiniona mbali alianza kukipangusa.
Jana nimempita. Akaita, "Weye! Na kiti?"
Nikacheka nikipanda,
na pumzi ya kumjibu ikabaki.

Kila Alhamisi, baada ya habari za jioni,
natoa kalamu yangu ndani ya chupa ya chai.
Inalala humo juu ya barafu ya muuza samaki,
imefungwa kitambaa isije ikaganda,
maana umeme wa kwetu ni kama mkwe:
huja mara chache, na kwa kishindo.
Nashika nyama ya tumbo, naandika nukta moja.
Barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika.
Kesho yake sambaza za jirani zikikaangwa
zinanuka kama ziwa zima limechemshwa, nakimbilia uani.
Tena bei. Dawa hii imekula magunia mawili
kabla mimi sijaonja kitu.

Ila redio imezimwa.
Ile ya tumboni, iliyotangaza usiku kucha
kwamba bugali umebaki,
bugali umebaki chini ya sahani ya bluu.
Juzi nilisahau kula. Mimi!
Nilisahau kama mtu anavyosahau mwavuli.

Kwetu anayepungua huanza kuagwa.
Mama Namwezi amenivuta nyuma ya magunia:
"Dada, usitufiche. Umepima?"
"Nimepima. Mia na nne."
Hakucheka. Kesho yake akaniletea uji.

Mugisho naye kaamka usiku wa manane
akaweka kiganja mbele ya pua yangu.
"Hukoromi. Nikajua umekufa."
"Nimelala tu, baba."
"Basi lala," akasema, kisha yeye
akakosa usingizi kwa ajili ya ukimya.

Kikwembe cha harusi ya mdogo wangu
kimenizunguka, kikarudi,
kikabakiza ncha ya kufungia pesa.
(Pesa yenyewe, tazama juu.)

Shuleni mwalimu alitufundisha mashairi kwa vidole:
mizani nane, pumzika, mizani nane,
na mstari uliozidi ulichapwa pamoja na mwenyewe.
Huu umezidi, mwalimu, na mimi nimezidi, na bado tunasomeka.

Lakini nilitaka kusema habari ya Jumapili.
Nilikaa kizingitini na wembe wa Mugisho,
nikainama, nikaendelea kuinama,
tumbo likasogea kidogo kama abiria mwenye adabu,
na nikakata kucha za miguu yangu mwenyewe.
Zote kumi. Binti yangu alikuwa akinikatia, akigeuza uso.
Kidole cha mwisho cha kushoto kina kovu.
Sijui nililipata wapi. Sijui ni miaka mingapi
hatujaonana, mimi na kidole hicho.
Nilikishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Cibalonza ameshafungua daftari.
Anaandika: mia na nne, hakuna mabadiliko.
"Andika na kucha," namwambia.
"Kucha?"
"Andika."